SOMO: Kusimulia maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, kwa watoto wa darasa la 2 hadi la 4

Naliweka hapa mara moja, maana "mwalimu, naanzaje na Siti?" limeulizwa mpaka basi. Kilichoandikwa humu usije kuniuliza inbox.

Vifaa: chungu kitupu, kata ya kujitwikia, ramani yenye Bahari ya Hindi, boksi gumu, penseli, saa ya simu.

1. Kaeni duara, chini.

2. Anza na chungu, siyo mwaka. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na 1880, katika familia ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu mjini kwa miguu. Ni kama kilomita 20: Mnara wa Saa hadi Usa River, na mtoto wa Arusha anakuelewa papo hapo. Mtoto mmoja ajitwike chungu, aite wateja.

3. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba. Taarabu ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaimba Kiswahili. Inatosha.

4. Walimcheka kwa sura na umaskini, akawajibu kwa wimbo. Pita haraka, ukikawia watamgeukia mwenzao.

5. Santuri, yaani sahani ya muziki ya zamani. Mwaka 1928 Siti na wapigaji wake walivuka bahari hadi Bombay, India (leo Mumbai), wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Ndiye mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kutoa santuri za Kiswahili. Usiseme "ni kama CD", CD yenyewe hawaijui. Kata boksi duara la sentimita 25, toboa katikati, pitisha penseli, wazungushe. Tundu likizidi unene wa penseli, duara litayumba. Santuri ya kweli ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika 3 tu.

Wengi wanaharibu hapa: wanawasha wimbo kwenye simu kwanza. Watoto wanasikia mikwaruzo, wanacheka, kipindi kimekufa. Mchezo utangulie. Darasa linyamaze, mmoja aimbe, wewe shika saa. Mtu akikohoa, au dakika 3 zikipita wimbo haujaisha, wanaanza upya, kwa sababu enzi hizo sauti ilichorwa kwenye nta na hakuna kufuta neno moja. Mara 2, basi. Ndipo uwashe wimbo, sekunde 40. Sasa wataisikiliza sauti iliyo nyuma ya mikwaruzo.

ONYO: usiwapigie "Kijiti". Ni kisa cha mauaji.

6. Alifariki 1950. Waache waulize.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Weka PDF mkuu.
Mleta somo: Nakili, bandika. Hamna PDF.

Mdau wa Njiro: Huyu si ndiye Bi Kidude?
Mleta somo: Hapana. Bi Kidude alifariki 2013. Soma namba 6.

Mdau wa Njiro: Nimeuliza tu, mbona ukali?
Mleta somo: Sijakasirika. Ila ukiwachanganya mbele ya watoto, watakua nalo. Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti, mchanganyiko unatoka hapo.

Mdau wa Moshi: Shikamoo mwalimu. Kwa nini waende mpaka Bombay, wasirekodiwe Unguja?
Mleta somo: Marahaba, swali zuri. Mitambo ilikuwa huko, na kiwanda cha kampuni cha kuchapa santuri kilikuwa Dum Dum, karibu na Calcutta. Meli za Unguja na Bombay nazo zilikuwa jambo la kawaida. Wape watoto uzi, waupime kwenye ramani toka Unguja hadi Bombay, kisha toka Unguja hadi Arusha. Uzi wenyewe utawafundisha.

Mdau wa Moshi: Asante. Na boksi likijikunja?
Mleta somo: Gundisha mawili, mistari ya ndani ipishane, uyalaze chini ya vitabu usiku kucha.

Mdau wa Kijenge: Gundi imepanda bei, mimi natumia uji mzito wa ngano. Unashika vizuri, ila uanike kabisa, panya wanaupenda.
Mleta somo: Tia chumvi kidogo, utachelewa kuota ukungu.