Somo: Kuchunguza kwa modeli ya kompyuta sababu za kijamii za tofauti za afya

Uchunguzi wa kaya hutuonesha ni mkoa upi wenye akina mama wengi wanaojifungulia nyumbani, lakini hautuoneshi namna umbali, kipato na maamuzi ya ndani ya nyumba yanavyosukumana mpaka hali hiyo ikatokea. Modeli, yaani jamii ndogo ya kubuni ndani ya kompyuta, hujengwa kwa ajili ya sehemu hiyo iliyofichika.

Hatua ya kwanza ni kuchagua suali dogo. "Umasikini na afya Pemba" halijengeki. "Kwa nini baadhi ya akina mama wa vijiji vya Micheweni huchelewa kufika hospitali uchungu unapoanza" linajengeka.

Hatua ya pili, unda kaya za kubuni, mia kadhaa zinatosha, na uzipe umri kwa kufuata Sensa ya 2022, pamoja na kipato na umbali.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi, nayo ni kuandika kanuni. Usimwamrishe mama wa kubuni kwamba akiwa masikini achelewe, kwani hapo jibu utakuwa umelipachika kwa mkono wako. Mpe mambo anayoyapima kila saa: mume yupo au yuko dago (kambi ya wavuvi), nani atabaki na watoto, gari inapatikana usiku huo, mkwe anasemaje, jirani aliyekwenda mwezi uliopita alipokewa vipi. Hata pale ambapo matibabu hayalipiwi, nauli na chakula cha msindikizaji hulipiwa, na fedha za kaya nyingi huja na msimu wa karafuu, kwa hiyo kipato kibadilike kwa miezi. Mwaka 1971 mchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alionesha kwamba wakaazi wanaoridhika kuishi mchanganyiko, ilimradi wasiwe wachache mno mtaani, waweza kuishia katika mitaa iliyotengana kabisa bila ya yeyote kukusudia. Tunatafuta jambo la namna hiyo.

Hatua ya nne, endesha modeli mara nyingi, maana bahati nasibu imo ndani yake na mara moja si matokeo. Programu ya NetLogo, ya kujengea modeli za namna hii, ni ya bure, na ikishawekwa haihitaji intaneti.

Mwisho, linganisha matokeo na takwimu ambazo hukuzitumia katika kujenga, kisha badilisha jambo moja tu kila mara, mathalan gari ya usiku.

Masuali ya wanachama

Mwanachama, Chake Chake: Maalim, siku za dago hazimo katika sensa. Nizitoe wapi?

Jibu: Ndugu yangu, waulize wavuvi wenyewe na sheha wao, kisha jaribu kiwango cha chini na cha juu. Matokeo yasipobadilika, usijisumbue nacho. Yakibadilika sana, hapo ndipo pa kufanyia utafiti wa mtaani.

Mwanachama, Mkoani: Modeli ikilingana na takwimu, si imethibitika?

Jibu: Hapana, dada yangu. Kanuni ya umbali na kanuni ya hofu ya kukaripiwa wodini zinaweza kutoa idadi ile ile ya wanaochelewa. Zitenganishe kwa kuwatazama wanaokaa karibu na hospitali: umbali ukiwa ndiyo sababu, hao watawahi, ikiwa ni hofu, nao pia watachelewa.