Ng'ombe akifa ghafla, kisu kikae alani

Ndugu wafugaji, hapa sielezi kimeta ni nini, ule ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo na watu. Mnakijua kuliko hata vijana wanaotoka vyuoni. Naandika kwa sababu ya kitu kimoja mnachoendelea kukifanya kila ng'ombe anapofia bomani bila kuugua: kumpasua ili kuangalia bandama.

Najua sababu yenu. Mzee wa boma anataka kujua kilichomuua kabla ya kuamua kuhusu kundi lililobaki. Bandama ikiwa imevimba, nyeusi na laini, anasema kimeta. Ikiwa sawa, anasema ni chambavu (ugonjwa mwingine unaoua ng'ombe ghafla) au sumu, na nyama inagawanywa. Kwa jicho lenu mara nyingi mnapatia. Tatizo ni kwamba jibu hilo mmelipata kwa kumwaga ardhini kitu kitakachowaulia mifugo miaka mingi ijayo, kisha mnakuja ofisini kuuliza kwa nini ugonjwa unarudi kwenye malisho yaleyale.

Ng'ombe anapokufa kwa kimeta, mililita moja tu ya damu yake inaweza kuwa na bakteria zaidi ya milioni 100. Mzoga ukiwa mzima, bakteria hao wamefungiwa humo ndani bila hewa, pamoja na vijidudu vya kuoza vinavyowashinda. Kwa joto letu, sehemu kubwa hufa ndani ya siku tatu hivi. Hawawezi kugeuka kuwa spora, yaani mbegu ngumu zisizouawa na jua wala ukame, kwa sababu kazi hiyo inahitaji hewa. Kisu ndicho kinachowaletea hewa. Damu ikishagusa nje kwenye joto, spora huanza kujengeka ndani ya saa chache, na kesho yake zimeshakamilika. Daktari Mjerumani Robert Koch aliuona mzunguko huu kwa darubini mwaka 1876, na mpaka leo haujabadilika.

Anayedhani mvua mbili tatu zitasafisha ardhi asikilize habari ya Gruinard, kisiwa kidogo cha Uskochi. Mwaka 1942, wakati wa vita, Waingereza walikijaribia silaha ya kimeta kwa kuwafunga kondoo na kuwalipulia spora. Baada ya hapo watu walikatazwa kukanyaga. Mwaka 1986 ilibidi udongo umwagiwe tani 280 za fomalini, dawa kali ya kuua vijidudu, zilizochanganywa na maji ya bahari, na kisiwa kikatangazwa salama mwaka 1990. Miaka 48, kwa nchi yenye fedha na maabara. Kijiji chenye mapanga na majembe kitasafisha malisho yake kwa kitu gani?

Kwetu mambo haya yamepimwa pia. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow wamefanya kazi Ngorongoro, wakichukua sampuli kwenye mizoga na kulinganisha vinasaba vya kimelea. Walifanya na jambo moja la busara sana: waliwapa wafugaji wenyewe kalamu na ramani, waonyeshe sehemu ambazo wanajua mifugo hufa. Wafugaji walizijua. Sasa mimi nauliza, kama mnazijua sehemu hizo, kwa nini mnaongeza nyingine kila mwaka kwa mikono yenu? Selela, wilayani Monduli, mwaka 2016 kimeta kilipiga wanyamapori, mifugo na watu kwa pamoja. Ugonjwa huu hauheshimu mpaka wa hifadhi wala wa boma.

Basi utajuaje bila kupasua? Mnyama aliyekuwa mzima jana na leo kafa, mwili unavimba upesi, haukakamai sawasawa, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma. Ila sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapojidanganya: damu isipotoka haina maana kwamba si kimeta. Mizoga mingine haitoi hata tone. Kifo cha ghafla peke yake kinatosha kukufanya uache kisu na upige simu. Afisa mifugo atachukua damu kidogo kwenye mshipa wa sikio, au kipande kidogo cha sikio lenyewe, azibe kidonda, na sampuli iende maabara. Hiyo ndiyo njia ya kujua. Saa 24 za kwanza ndizo zinazotoa jibu zuri kwenye darubini, kwa hiyo usisubiri mnada upite ndipo utoe taarifa. Na ninyi wasaidizi wa mifugo mnaopasua ili kumridhisha mwenye ng'ombe, aibu ni yenu zaidi kuliko yake, maana mlifundishwa.

Mkishaamua kwamba haupasuliwi, mzoga nao hauburuzwi. Ukiuburuza mita 100, umechora mstari wa damu mita 100. Shimo lichimbwe pembeni yake palepale, isipokuwa kama ni karibu na kisima, lambo au mkondo wa maji. Hapo ubebwe kwenye turubai lisilopitisha maji, na turubai lizikwe nao. Kabla ya kuusogeza hata hatua moja, zibeni pua, mdomo na sehemu ya nyuma kwa matambara yaliyolowekwa dawa ya kuua vijidudu atakayoleta afisa.

Shimo ni mita 2 kwenda chini. Pimeni kwa kamba yenye fundo, msipime kwa kiuno cha kijana aliyechoka. Mashimo mengi ninayoyaona yana mita moja, mzoga umevimba humo ndani, na juu pana udongo wa kufunika kucha tu. Fisi anafukua usiku wa kwanza, mbwa wa boma wanamalizia, na kazi yote imekuwa bure. Mzoga ukishalala, udongo juu yake usipungue mita 1, kisha wekeni mawe na miiba. Chokaa si mbadala wa kina. Pale damu ilipodondoka, kwangueni udongo kama sentimita 20 na uingie shimoni pamoja na majani na samadi ya mahali hapo. Kuchoma kunafaa pale tu kuni zinatosha kuumaliza mzoga wote na hewa inapita chini yake. Kuunguza ngozi na kuacha tumbo bichi ni kuupasua kwa moto.

Kama ardhi ni mwamba au watu ni wachache, msiupasue kwa kisingizio hicho. Ufunikeni kwa turubai na matawi mengi ya miiba, tai na fisi wasifike, mkalinde mpaka msaada uje.

Ngozi haiuzwi. Nyama hailiwi, haipewi jirani, haipelekwi kwa mama ntilie. Wapo wanaosema ikichemshwa sana haina neno. Aliyechuna ameshashika damu kabla chungu hakijafika motoni, na zaidi ya asilimia 95 ya kimeta cha binadamu huingia kwa ngozi, kupitia mchubuko ambao mtu hata haukumbuki. Kipele kinachowasha huanza kwa kawaida siku ya 1 hadi ya 7, kinakuwa lengelenge, kisha kidonda cheusi katikati, kimevimba pembeni lakini hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, watu wanakaa nacho. Msikae nacho! Nendeni zahanati siku hiyohiyo na mseme wazi kwamba mlishika mzoga, kwa sababu mganga asipoambiwa atawapa dawa ya jipu. Dawa za kawaida za antibiotiki huponya ikiwahiwa. Pasipo matibabu, kidonda hiki huua kati ya watu 10 na 20 katika kila 100.

Sasa kundi lililobaki. Lihamisheni malisho siku ileile, wala msiuze wala kuchinja mpaka zipite siku 20 tangu kifo cha mwisho. Chanjo ya kimeta ni bakteria hai aliyedhoofishwa, na kosa la pili kwa gharama liko hapa: mfugaji anachanja asubuhi na jioni anapiga sindano ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) "kwa usalama". Dawa inaua chanjo, na fedha yako imekwenda. Ng'ombe mwenye homa atibiwe kwanza, achanjwe siku 7 hadi 10 baada ya dozi ya mwisho. Waliochanjwa wasiguswe na antibiotiki kwa wiki 2. Kinga nayo haiji siku hiyo, kwa hiyo mwaka ujao chanjeni wiki 2 hadi 4 kabla ya msimu mnaoujua wenyewe kuwa mbaya, na mrudie kila mwaka. Anayetaka kuchinja baada ya chanjo ahesabu siku 42, au zaidi kama chupa inasema zaidi.

Siku 20 zikipita bila kifo kingine, karantini, yaani zuio hilo la kuuza na kuchinja, inafunguliwa, ila waliochanjwa wangoje siku zao 42 kabla ya kuchinjwa.

Mahali mlipozika pazungushiwe miiba na pafahamike kwa watoto wanaochunga. Pasichimbwe msingi wa nyumba, shimo la choo wala kisima. Mwenyekiti wa kitongoji aandike eneo hilo kwenye daftari la kijiji, na tarehe, maana mchungaji wa leo akihama, atakayekuja hatajua.