Pesa isitangulie miguu: ya kuzingatia kabla ya kupanga nyumba ugenini

Rafiki yangu aliyekuwa akijiandaa kwenda kusoma Berlin alinitumia picha sita za nyumba aliyokwisha kuipenda. Sebule yenye mwanga, kitanda kikubwa, jiko safi. Kodi ilikuwa nafuu, mwenye nyumba mpole, anajibu ujumbe hata usiku wa manane, na alichotaka ni kodi ya miezi miwili tu ili awaambie wengine kwamba nyumba imeshachukuliwa. Nilikuwa karibu kumpongeza. Kisha nikaikuza picha ya jiko, nikaona soketi kando ya birika: matundu matatu ya mstatili. Hiyo ni soketi ya Uingereza. Ujerumani soketi ni kisahani cha duara kilichozama ukutani, chenye matundu mawili ya mviringo. Nyumba ilikuwa ya kweli, ila haikuwa Berlin, na yule mpole hakuwa na ufunguo wake.

Pesa haikutumwa. Lakini jambo hilo halijanitoka, kwa sababu rafiki yangu si mtu wa kudanganyika ovyo. Kilichomponza ni hali yake: ndege baada ya wiki tatu, hana pa kufikia, na kila tangazo analoliandikia halijibiwi isipokuwa hilo moja. Tapeli wa nyumba hamtafuti mjinga, anamtafuta mwenye tiketi mkononi asiyejua atalala wapi. Kwa hiyo maandalizi ya maana ni yale yanayokuondoa katika hali hiyo kabla hujafungua tangazo lolote.

Basi la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote yatakayofuata: usipange nyumba ya mwaka mzima ukiwa bado kwenu. Panga malazi ya muda, ya wiki tatu hadi sita. Inaweza kuwa hosteli, chumba cha wageni cha chuo, kwa ndugu, au nyumba ya muda unayoilipia kwenye tovuti inayoshikilia pesa hadi uingie ndani. Gharama yake iandike kwenye bajeti ya safari pamoja na nauli na viza, tangu siku ya kwanza ya kupiga hesabu. Wengi huiona kama pesa ya kutupa, wakaamua kujibana na kulipia nyumba ya kudumu kutoka mbali. Ninawaelewa, maana bei ya usiku mmoja inauma. Lakini mtu mwenye kitanda cha mwezi mmoja, akiambiwa "lipa leo ama nampa mwingine", anaweza kujibu "mpe".

Wapo ambao hili haliwezekani kirahisi, kama wanaosafiri na watoto wanaotakiwa kuandikishwa shule, au ambao ubalozi umewadai anwani. Wa ubalozi wasome masharti neno kwa neno, kwani huenda kinachotakiwa ni uthibitisho wa mahali pa kufikia, si mkataba wa mwaka. Wasio na njia nyingine watafute macho ya kuazima. Ofisi ya makazi ya chuo, mwajiri, mfanyakazi mwenzako mtarajiwa, au mtu wa kwenu anayeishi mji huo anaweza kwenda kusimama ndani ya nyumba hiyo kwa nusu saa. Huyo mlipie hata nauli yake.

Kabla ya kuangalia nyumba moja, tazama matangazo hamsini. Lengo ni kujua kodi ya kawaida ya mtaa, ukubwa wa chumba na kilichomo, umeme na joto vikihesabiwa au visipohesabiwa. Ukishaijua, nyumba nzuri ya katikati ya mji inayopangishwa kwa nusu ya kodi ya jirani zake itajitangaza yenyewe. Mgeni hana kipimo hicho siku ya kwanza, na ndiyo sababu anapigwa.

Picha zinahitaji subira. Ziingize kwenye utafutaji wa picha wa Google, uone kama zimewahi kutumika kwingine. Mara nyingi zimechotwa kwenye tangazo la kuuza nyumba au kwenye ukurasa wa nyumba ya likizo. Tazama soketi, swichi, vishikio vya madirisha, maandishi kwenye vifungashio vya jikoni. Kisha fungua ramani yenye picha za mitaani, usimame mbele ya anwani uliyopewa. Je, jengo lipo? Lina ghorofa ngapi? Kama picha ya dirishani inaonyesha miti na anwani iko kwenye barabara ya njia sita, uliza.

Simu ya video inasaidia, mradi wewe ndiye unayeiongoza. Video iliyorekodiwa haithibitishi chochote. Mwambie aanzie barabarani, aonyeshe namba ya jengo, afungue mlango wa nje kwa ufunguo, apande ngazi bila kukata simu, afungue bomba, aende dirishani. Mwenye nyumba wa kweli anaweza kukosa muda leo, akakupa siku nyingine. Yule mwingine ana hadithi. Yuko kwenye meli, yuko kwenye kazi ya misheni, anamuuguza mzazi nchi ya mbali. Nyumba iko tupu, funguo zitakuja kwa kifurushi ukishalipa. Ili usihofu, anakutumia kiungo cha tovuti mashuhuri ya kukodisha nyumba, eti itakushikia pesa hadi uridhike. Ukurasa unafanana na wa kweli kwa kila kitu isipokuwa anwani yake: herufi moja imezidi, au jina la tovuti limefuatwa na kistari na neno jingine. Usiingie kwenye tovuti ya malipo kwa kiungo cha mtu. Andika anwani yake wewe mwenyewe, na kama nyumba haimo humo, haimo.

Kuna utapeli mwingine ninaotaka uufahamu vizuri, kwa sababu unawakamata hata waliokwisha kufika. Mtu anakodi nyumba kwa siku tatu au nne kama mgeni wa likizo. Anaitangaza kuwa ni yake, anapokea watu kwa zamu. Wanaingia, wanashika kuta, wanasaini karatasi, wanalipa amana, yaani pesa ya dhamana ya nyumba, taslimu na kupewa risiti. Siku ya kuhamia wanakutana mlangoni na mabegi, familia tano, na mwenye nyumba asiyemjua hata mmoja wao. Kuona nyumba kwa macho, basi, hakutoshi. Tazama jina kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Fungua kabati. Msalimie jirani, umuulize nani anaishi hapo. Na omba kurudi kuiona tena baada ya wiki moja, mchana. Mwenye ufunguo wa siku nne hawezi kukukubalia hilo, na atakasirika kuliko jambo lenyewe linavyostahili.

Swali la nani mmiliki lina majibu tofauti nchi kwa nchi. Kwa nyumba iliyoko England au Wales, mtu yeyote anaweza kununua mtandaoni, kwa ada ndogo, nakala ya rekodi ya umiliki kutoka HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, ikiwa nyumba imesajiliwa. New York ina mfumo wa wazi wa kumbukumbu za umiliki uitwao ACRIS kwa sehemu kubwa ya jiji. Ujerumani daftari la ardhi halifunguliwi kwa kila mpita njia, lazima uonyeshe sababu ya msingi. Huko kipimo kingine ni usajili wa anwani: mkazi mpya anatakiwa kujiandikisha ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na mwenye nyumba ana wajibu wa kumpa karatasi ya kuthibitisha kwamba amehamia. Anayekuambia "nyumba unapata, ila usijiandikishe hapa" amekuambia mengi. Huenda naye ni mpangaji anayepangisha bila ruhusa, ukaja kutolewa nje katikati ya baridi.

Sheria za amana zijue kabla hujaanza kuongea na mtu. Ujerumani amana haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za huduma, nawe una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, la kwanza upangaji unapoanza. Ufaransa ni mwezi mmoja kwa nyumba isiyo na samani na miwili kwa yenye samani. Uholanzi, kwa mikataba mipya tangu Julai 2023, ni miezi miwili. England ni wiki tano za kodi kwa nyumba nyingi, na mwenye nyumba anatakiwa kuiingiza kwenye mpango wa hifadhi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30; ada ya kushikiliwa nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na kutozwa pesa ili tu uione nyumba ni kosa. Mwenye nyumba anayedai miezi sita huenda si tapeli, ila umeshajua kwamba ama haijui sheria au anategemea wewe usiijue.

Kwenye malipo mimi sina upole. Kadi za zawadi, sarafu za kidijitali na pesa za kutuma kwa wakala, zinazochukuliwa dirishani kwa namba ya siri, hazirudi, kwa hiyo hazilipii nyumba, hata dalali akilia. Pesa iende benki, kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Barani Ulaya herufi mbili za mwanzo za namba ya akaunti hutaja nchi: DE ni Ujerumani, FR ni Ufaransa, ES ni Hispania. Nyumba ya Munich, Ujerumani, na akaunti ya Hispania inaweza kuwa na maelezo, ila maelezo hayo yatolewe kabla hujalipa. Ukishafungua akaunti kule una msaada zaidi: tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro zinatakiwa kulinganisha jina uliloandika na la mwenye akaunti, na kukuonya yasipofanana. Onyo hilo likija, simama hapohapo.

Nyaraka zako nazo ni mali. Tapeli akikosa pesa anaondoka na pasipoti yako, na kesho anamtumia mwingine kuthibitisha kuwa yeye ndiye mwenye nyumba mwenye jina lako. Hata pasipoti aliyokuonyesha wewe huenda ni ya aliyeibiwa kabla yako. Kwenye hatua ya kuulizia usitume kitambulisho. Ukifika hatua ya mkataba, tuma nakala iliyoandikwa kwa herufi kubwa zinazokatiza ukurasa: ni ya kuombea nyumba fulani, tarehe fulani. Ziba namba zisizohitajika. Ufaransa serikali ina huduma ya bure, DossierFacile, inayopanga nyaraka za mpangaji na kuzipiga alama ya namna hiyo.

Na kama umeshalipa, piga simu benki sasa hivi, kabla ya kumpigia yeye. Pesa iliyotumwa leo asubuhi wakati mwingine inaweza kuzuiwa. Ya juzi ni vigumu. Mazungumzo yote yapige picha kabla hajayafuta, pamoja na tangazo lenyewe na anwani yake. Ripoti polisi wa mji ilipo nyumba hata ukiwa mbali, maana benki huweza kukuomba namba ya ripoti. Waambie pia wenye tovuti ya matangazo.

Rafiki yangu aliripoti, na tangazo likaondolewa. Wiki iliyofuata nilizitafuta tena zile picha. Jiko lilelile, birika lilelile, soketi ileile ya matundu matatu, mara hii likiwa Vienna, na kodi imeshushwa kidogo.