Ikoni ya tovuti ifunguke katika kivinjari ukitakacho

Kompyuta ya saiba, duka la huduma za intaneti, huguswa na mikono mingi. Huyu aja kujaza ritani za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, yule ataka cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mwingine ni wakala wa forodha aliyetoka bandarini Kilindini mbio mbio na makaratasi kwapani. Hakuna kati yao mwenye hamu ya kuandika anwani ndefu. Kwa hivyo hapa tunapofanyia kazi, karibu na Mwembe Tayari mjini Mombasa, kila kompyuta ina ikoni za tovuti hizo palepale kwenye deskitopu. Na swali linalonifikia zaidi kutoka kwa wenzangu wa saiba na maduka ya jirani ni hili: "Nimeshaweka Firefox iwe ndiyo kivinjari changu, mbona ikoni hii yanifungulia Chrome?"

Ni kwa sababu ikoni hizo ziko za aina mbili, na kwa macho hazitofautiki. Ya kwanza imebeba anwani ya tovuti peke yake. Ukiibofya, Windows hutazama kivinjari kikuu cha kompyuta ni kipi, kisha hufungua hicho. Ya pili imebeba kivinjari na anwani pamoja, na haimuulizi mtu. Ubadilishe mipangilio asubuhi, uibadilishe tena jioni, itakwenda kwa kivinjari kilichoandikwa ndani yake.

Basi usiguse mipangilio yoyote kabla hujajua unashika ipi. Bofya ikoni mara moja tu iwe imechaguliwa, shikilia Alt kisha ubonyeze Enter. Litafunguka dirisha la Properties. Ukiona kichwa cha Web Document na mstari wa URL, hiyo ni ya anwani peke yake, na jina la faili lake huishia na .url. Ukiona kichwa cha Shortcut na mstari wa Target, hiyo ni ya pili, nayo huishia na .lnk. Usizitafute herufi hizo kwenye jina la ikoni, kwani Windows huzificha hata ukiiagiza ionyeshe herufi za mwisho za mafaili mengine.

Ile ya .url ni maandishi matupu. Fungua Notepad, iburute ikoni hiyo umwage ndani, na utakuta mstari uliosema [InternetShortcut], chini yake URL= na anwani. Hakuna jina la Chrome wala la Firefox. Ndiyo maana hutii kivinjari kikuu bila ubishi.

Kwa aina hii, dawa ni kubadilisha kivinjari kikuu. Kwenye Windows 11 nenda Settings, kisha Apps, kisha Default apps, uchague kivinjari chako, na ubonyeze Set default iliyo juu. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 kitufe hicho hakikuwepo. Ilibidi ubadilishe aina za viungo na mafaili ya tovuti, HTTP, HTTPS, .htm na .html, kimoja kimoja. Kitufe kililetwa na sasisho la Machi 2022, kwa hivyo kompyuta ambayo haijasasishwa tangu hapo bado itakudai hivyo vinne. Kwenye Windows 10 ni rahisi zaidi: Default apps, halafu Web browser. Kumbuka tu kwamba chaguo hili ni la akaunti moja ya Windows. Ukilifanya kwenye akaunti yako, akaunti ya mwenzio wa zamu ya jioni haijui habari.

Aina ya pili ndiyo inayowasumbua watu, na wengi huitengeneza bila kujua. Ukiwa ndani ya Chrome ukachagua Create shortcut kwenye menyu yake, ikoni inayokuja kwenye deskitopu ni mali ya Chrome. Itazame Target yake: utaona chrome_proxy.exe, halafu --profile-directory, na kama iliundwa na Chrome ya zamani, --app-id na mlolongo wa herufi usio na maana kwa binadamu. Katika hiyo yenye --app-id, anwani ya tovuti haimo kabisa. Kwa vyovyote, usihangaike kuitengeneza. Ifute, uunde nyingine.

Ukitaka mpya iwe ya anwani peke yake, fungua tovuti, punguza dirisha la kivinjari mpaka deskitopu ionekane pembeni, kisha ushike ile alama ndogo iliyo kushoto mwa anwani, uiburute hadi kwenye deskitopu na kuiachilia. Imekwisha.

Ukitaka iwe ya kivinjari fulani daima, bofya kulia mahali patupu kwenye deskitopu, chagua New, kisha Shortcut, na uandike hivi:

"C:\Program Files\Mozilla Firefox\firefox.exe" https://itax.kra.go.ke

Angalia alama za kunukuu. Jina la folda, Program Files, lina nafasi katikati, na bila alama hizo Windows haijui njia ya kuifikia programu inaishia wapi. Baada ya alama ya kufunga acha nafasi moja, ndipo ifuate anwani. Na uziandike kwa kibodi mwenyewe. Ukinakili kutoka Word utapata zile zilizopinda, na Windows haizikubali.

Kwa Chrome, njia ya kawaida ni "C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe". Kwa Edge ni "C:\Program Files (x86)\Microsoft\Edge\Application\msedge.exe". Windows ikikwambia haikioni kitu hicho, kivinjari kimewekwa kwingine. Usibahatishe: andika chrome://version mahali pa anwani ndani ya Chrome, utafute Executable Path, kwenye Edge ni edge://version, kwenye Firefox andika about:support, utazame Application Binary. Njia kamili iko hapo, unainakili tu.

Sasa ipi bora? Kwa kompyuta yako ya nyumbani, mimi nakwambia tumia ya anwani peke yake. Siku ukihamia kivinjari kingine, utabadilisha mahali pamoja na ikoni zote zitafuata. Kwa kompyuta ya watu wengi, saiba au ofisi ya uwakala, andika kivinjari ndani ya ikoni. Mteja akija akabadilisha kivinjari kikuu, kazi yako haitikisiki. Na kuna faida kubwa kuliko hiyo: unaweza kuiagiza ikoni ifungue dirisha la faragha.

Hili nalishikilia sana, kwa ajili ya yule anayekaa kitini baada ya mwingine. Mama mmoja alifungua eCitizen hapa kwetu, akaniita kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hebu njoo. Hili jina si langu." Lilikuwa la aliyekaa kabla yake, ameondoka bila kutoka kwenye akaunti, na kila kitu chake kiko wazi. Nilimtolea, nikamfungulia upya, lakini nikaona haifai kutegemea mteja akumbuke. Siku hizi ikoni zetu za huduma za serikali zimeandikwa hivi:

"C:\Program Files\Mozilla Firefox\firefox.exe" -private-window https://www.ecitizen.go.ke

Kwa Chrome neno ni --incognito, kwa Edge ni --inprivate, na yote hukaa kati ya njia ya kivinjari na anwani. Mteja akifunga madirisha yote ya faragha, akaunti yake inafungika naye. Lakini mafaili aliyopakua hayafutiki. Cheti cha PIN, P9 ya kodi ya mshahara, nakala ya kitambulisho, vyote vinabaki kwenye folda ya Downloads, na hiyo huna budi kuisafisha mwenyewe.

Wenye duka wanaotumia Chrome kwa akaunti mbili, ya biashara na ya nyumbani, wanaweza kuongeza --profile-directory="Profile 1" ili ikoni ifunguke kwenye akaunti ya biashara tu. Jina sahihi la folda litazame kwenye chrome://version, mwisho wa mstari wa Profile Path, kwani jina unaloliona kwenye menyu silo.

Ikoni za aina hii huja na sura ya kivinjari, na zikiwa sita huwezi kuzitambua. Zipe majina ambayo mteja huyasema kwa mdomo wake: Ritani za KRA, Tabia njema, Pasipoti. Sura pia waweza kuibadilisha, Properties kisha Change Icon.

Kwenye kompyuta za zamani ukikuta Target yenye iexplore.exe, hiyo ni Internet Explorer, iliyostaafishwa na Microsoft tarehe 15 Juni 2022. Ifute tu. Na viungo vilivyo ndani ya Widgets au vya kutafutia kwenye menyu ya Start vikikupeleka Edge, havihusiani na ikoni zako. Microsoft imevielekeza huko kwa makusudi, hata kivinjari kikuu kikiwa kingine.

Ukisharidhika na ikoni zako, zinakili kwenye folda ya C:\Users\Public\Desktop. Windows itaomba ruhusa ya msimamizi, kisha zitaonekana kwa kila akaunti ya kompyuta hiyo. Halafu zibofye zote moja moja kabla ya kufungua mlango, na usome anwani herufi kwa herufi, hasa ya KRA, hasa Juni inapokaribia kwisha. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa ritani, foleni hufika nje, na mtu aliyepangwa foleni haangalii kama anwani ni itax.kra.go.ke au ni kitu kinachofanana nayo.