Vidonge vya homoni mbili wakati wa kukoma hedhi: kuvitambua, kuvimeza na kuisoma damu

Kosa kubwa katika dawa hii hutokea kabla ya kumeza hata kidonge kimoja: mama hajui ameshika pakiti ya aina gani. Anaona boksi lenye vidonge 28, anaambiwa "kimoja kila siku", anarudi zake Igoma, jijini Mwanza, au anapanda kivuko kurudi kisiwani Ukerewe. Wiki ya sita damu inatoka, na hana namna ya kujua kama ilitarajiwa au ni ya kumpeleka hospitali. Kwa hiyo tunaanza na pakiti.

Ndani ya dawa hii kuna homoni mbili. Estrojeni ndiyo inayotuliza joto la ghafla, jasho la usiku linalolowesha shuka, na ukavu ukeni. Ila estrojeni ikikaa peke yake huunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, na utando ulioachwa unenepe bila kuzuiwa unaweza kugeuka saratani. Homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni, iko pale kuuzuia utando huo. Ndiyo maana aliyeondolewa kizazi kwa upasuaji kwa kawaida hapewi vidonge vya homoni mbili. Estrojeni tupu inamtosha.

Sasa fungua boksi utazame rangi. Vidonge vyote 28 vikiwa vya rangi moja, hiyo ni aina ya mfululizo: homoni zote mbili zimo katika kila kidonge. Kipimo cha kuanzia kinachotumika sana ni estradioli (ndiyo estrojeni) miligramu 1 na norethisteroni asetati (ndiyo homoni ya pili) miligramu 0.5. (Kwenye boksi majina haya huandikwa kwa Kiingereza: estradiol na norethisterone acetate.) Aina hii ni ya mama aliyemaliza miezi 12 kamili bila hedhi, na lengo lake ni asitoke damu kabisa. Rangi zikiwa mbili, hiyo ni aina ya awamu, ya mama ambaye siku zake bado zinakuja, hata kama zinarukaruka. Vidonge vya kwanza, kwa mfano 14, vina estrojeni peke yake. Vilivyobaki vina estrojeni pamoja na homoni ya pili, kwa mfano didrojesteroni miligramu 10. Kuna pakiti nyingine zenye 16 kwanza kisha 12. Mpangilio wa rangi usiuvuruge. Mwenye aina ya awamu hutarajia damu kama ya hedhi karibu na mwisho wa pakiti au mwanzoni mwa inayofuata, na damu hiyo si tatizo.

Anayepewa aina ya mfululizo huku hedhi haijakoma atatoka damu ovyo, kisha atailaumu dawa. Dawa haina kosa. Imetolewa mapema mno.

Angalia pia usiuziwe kitu kingine kabisa. Vidonge vya majira, vile vya uzazi wa mpango, navyo vina homoni mbili na navyo huja 28, lakini estrojeni yake ni ya aina nyingine yenye nguvu zaidi, na vingi vina vidonge 7 vya mwisho vya madini ya chuma au visivyo na dawa. Havichukui nafasi ya dawa hii. Kidonge cha norethisteroni tupu cha miligramu 5, kinachouzwa kusimamisha damu au kusogeza siku, nacho hakichukui nafasi yake. Dawa ya homoni kwa aliyekoma hedhi inahitaji cheti cha daktari na famasi yenye mfamasia. Duka la dawa muhimu likikwambia "tunayo inayofanana", shukuru uondoke.

Kabla ya kidonge cha kwanza, pima presha, matiti yakaguliwe, na ueleze ukweli wote. Dawa hii haipewi mwenye saratani ya matiti au aliyewahi kuwa nayo, aliyewahi kugandiwa damu mguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo, mwenye ugonjwa wa ini ambao bado uko hai, wala anayetoka damu ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Hayo mawili ya mwisho, huku Kanda ya Ziwa, tuyatazame kwa karibu.

Ini kwanza. Kichocho cha tumbo ni cha watu wa pwani ya ziwa na visiwani, na aliyeishi nacho miaka mingi anaweza kuwa na makovu kwenye ini bila kuumwa popote. Kidonge cha estrojeni kikishamezwa hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ukiwa na historia ya tumbo kujaa maji, bandama kuvimba, kutapika damu au macho kuwa ya njano, omba ini lipimwe kwanza. Majibu yakiwa mabaya, kwa kawaida hupewi vidonge.

Halafu damu. Mama wa miaka 54 aliyekaa mwaka na nusu bila hedhi akiona damu, wengi husema "siku zimerudi". Siku hazirudi hivyo. Inaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi, inaweza kuwa utando wa kizazi ulionenepa, na kwa aliyekulia kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga inaweza kuwa kichocho cha sehemu za uzazi, ambacho huacha mabaka kama punje za mchanga kwenye shingo ya kizazi na kuifanya itoke damu ikiguswa tu. Chanzo kitafutwe kwanza. Shingo ya kizazi itazamwe, ultrasaundi ipigwe. Hospitali za Sekou Toure na Bugando, jijini Mwanza, kuna madaktari wa magonjwa ya wanawake. Kuanza homoni juu ya damu isiyojulikana ni kuuficha ugonjwa.

Kumeza kwenyewe ni kazi nyepesi. Aina ya mfululizo inaanzwa siku yoyote. Ya awamu kwa kawaida inaanzwa siku ya kwanza ya hedhi. Meza kidonge 1 saa ileile kila siku. Kichefuchefu kikikusumbua, meza baada ya chakula cha jioni. Kidonge cha 28 kikiisha, kesho yake fungua pakiti mpya. Usipumzike siku 7 kama ulivyozoea kwenye majira. Mapumziko hayo ndiyo yanayowarudishia wengi joto na matone ya damu, na ukiuliza vizuri utakuta walijipangia wenyewe.

Baadhi ya pakiti ni za duara, na zinawashinda watu bila sababu. Zungusha kisahani cha ndani mpaka siku ya leo ikae mkabala na kile kipande kidogo cha plastiki kinachojitokeza. Kivunje, inamisha pakiti, kidonge kitadondoka. Kesho yake sukuma kifuniko kinachoona ndani hatua moja kufuata mshale, kidonge kingine kitatoka. Kikigoma kuzunguka usitumie kisu: kidonge cha jana bado kimo ndani ya tundu lake.

Ukisahau na saa 12 hazijapita, meza ukikumbuka. Zikipita, kiache hicho, umeze cha siku inayofuata kwa saa yake. Usimeze viwili kufidia. Matone ya damu baada ya kusahau ni ya kawaida.

Weka dawa pakavu, ndani ya boksi lake, na ufuate nyuzi joto zilizoandikwa pale, nyingi ni 25 au 30. Juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari, joto la mchana wa Mwanza hupita nyuzi hizo. Droo ya chini inafaa; friji haifai. Vikibaki vidonge 7 anza kutafuta pakiti nyingine, hasa unayevuka maji. Famasi ikikubadilishia jina la dawa, linganisha homoni zote mbili na miligramu zake, si rangi ya boksi.

Kisha kalenda. Ile ya ukutani inatosha: andika M siku ya matone, D siku ya damu ya kuvaa pedi. Kwa aina ya mfululizo, matone na damu isiyo na mpangilio katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza hutokea sana, na wengi hutulia. Ikiendelea baada ya miezi 6, au ikianza upya wakati ulishakauka, au ikiwa nzito, nenda ukapimwe ukiwa na kalenda mkononi. Kwa aina ya awamu, damu inayokuja katikati ya vidonge vya rangi ya kwanza ndiyo ya kutiliwa shaka. Daktari akiiona karatasi hiyo anaokoa nusu saa ya maswali.

Joto huanza kupungua ndani ya wiki chache. Usiihukumu dawa kabla ya miezi 3. Ikiwa haijafanya kazi hata kidogo, uliza kuhusu dawa nyingine unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni za kifafa, na efavirenzi ya VVU hulifanya ini liivunje homoni haraka. Dolutegraviri haina tabia hiyo. Anayetumia lamotrijini amwambie daktari mapema, kwa sababu estrojeni hupunguza kiwango chake mwilini na kifafa kinaweza kurudi.

Hofu ya saratani ina msingi, ila ina ukubwa wake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002 ulikuta, kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, wagonjwa 38 wa saratani ya matiti kati ya waliotumia homoni mbili na 30 kati ya wasiotumia. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na homoni zao zilikuwa tofauti na hizi za estradioli. Nane si sifuri, na hatari huongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka, kwa hiyo kila mwaka presha na matiti vipimwe na swali liulizwe upya: bado naihitaji?

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukata ghafla, mdomo kupinda au maneno kukwama: acha vidonge, nenda hospitali saa hiyohiyo. Safari ndefu ya kukaa nayo huchangia damu kuganda mguuni, na basi la Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Kila linaposimama shuka utembee. Ukipangiwa upasuaji mkubwa, sema wiki 6 kabla. Na kumbuka vidonge hivi havizuii mimba: aliye chini ya miaka 50 aendelee kujikinga hadi miaka 2 tangu hedhi ya mwisho, aliyevuka 50 mwaka 1.

Kuacha kunaweza kuwa kwa mara moja au kwa kupunguza kipimo polepole. Kupunguza polepole huleta nafuu miezi ya mwanzo; baadaye njia zote mbili hulingana. Joto likirudi, lipe miezi 2 au 3 kabla ya kurudi famasi.