Kufundisha Marekani: Hiyo Bahasha ya Transkripti Isifunguliwe

Walimu wa historia mnaonipigia kutoka Nairobi mkiuliza mtaingiaje darasani huku Marekani, wacha niwaambie kitu kilichonila mwaka mzima, na wala si mtihani. Ni bahasha.

Shule za umma huku haziangalii namba yako ya TSC, ile tume ya walimu ya Kenya. Unahitaji leseni ya jimbo, kila jimbo na sheria zake, na kabla ya leseni kuna kampuni ya kulinganisha digrii yako na za kwao. Hao wanataka transkripti, ile karatasi ya alama zako zote za chuo, itoke kwa rejistra wa chuo ikiwa imefungwa, na muhuri umepigwa pale bahasha inapofungiwa. Imefungwa. Nitarudia tena.

Mimi nilimtuma mdogo wangu anayekaa Umoja, huko Nairobi. Kijana akapanga foleni siku mbili, akapewa bahasha, akafika nyumbani akaifungua. Akapiga picha kila ukurasa akanitumia WhatsApp, "Sista zote ziko, hata ile C ya takwimu," halafu akaifunga na gundi akaituma. Sikumgombeza sana, kwetu nani hupokea karatasi bila kuangalia kama jina limeandikwa sawa? Lakini kampuni ikaikataa, na kuomba ingine ikawa kliaransi upya, ada upya, rejistra yuko mkutanoni, ikafika Septemba. Shule nyingi huku hufunguliwa Agosti na walimu wameshaajiriwa, kwa hivyo nikabaki kushikia walimu waliokosa kuja, unalipwa siku uliyoitwa tu, likizo hakuna kitu.

Hapo ndipo nyumba ilitikisika. Mume wangu alikuwa shifti ya usiku kwa nyumba ya wazee, mimi simu ya kuitwa inaingia saa kumi na moja alfajiri, kengele ya shule ni saa moja na robo, watoto wawili, hakuna dada wa kazi, hakuna shosho, na ukilipa mtu wa kuwaangalia mshahara wa siku unaenda wote. Tulikuwa tunapishana kwa parking, yeye anashuka mimi naingia gari hilo hilo, watoto nyuma na nguo za kulala.

Kwa hivyo mwambie rejistra aitumie kampuni mwenyewe kwa huduma ya kuria (courier), namba yako ya faili kwenye kampuni hiyo iandikwe juu ya bahasha. Ndugu yako kazi yake ni kulipa ada na kusumbua ofisi, basi. Hata akipewa mkononi, asifungue. Hata ikiwa imekunjika, asifungue. Mama akitaka kuiombea, aiombee ikiwa imefungwa. Nakala yako ya kuangalia chukua kando kabla hujapanda ndege, pamoja na cheti cha tabia njema, hayo mnayajua.

Mtihani wa leseni, majimbo mengi hutumia unaoitwa Praxis. Soma tu. Mimi mikutano ya katiba ya Kenya kule Lancaster House, London, ya 1960, 1962 na 1963 naijua hata usingizini, lakini hao wanataka marekebisho 27 ya katiba yao, na uchumi na jiografia ndani ya somo hilo moja.

Darasani hakuna anayesimama ukiingia, na mzazi atakuandikia barua pepe saa nne usiku juu ya alama mbili. Mwanzoni iliniuma. Lakini niliposema katiba yetu ni ya 2010 na yao iliandikwa 1787, kijana mmoja akauliza kama basi yetu ndiyo bora, tukabishana kipindi kizima, kitu ambacho nikifundisha Eastlands, Nairobi, na wanafunzi hamsini na mtaala unakukimbiza sikupata nafasi nacho. Kinachonishinda ni jinsi wanavyoamini karatasi, mtu amefundisha miaka tisa, amekaa mbele yao na mdomo anao, lakini wanasikiliza gundi.

Mdogo wangu sasa anataka kumsaidia shemeji na transkripti yake ya unesi. Nimemwambia alipe ada, achukue risiti, arudi Umoja.