Una BA, uko Mtwara, unataka kuingia kwenye programu za kompyuta? Anzia hapa

Nilimaliza BA ya Kiswahili na Historia nikarudi home Mtwara, nikakaa barazani nasubiri ajira mpaka mjomba akaniuliza hivi hiyo digrii ina kazi gani zaidi ya kuandika barua za harusi. Ndo nikaanza kukodi. Sio kukodi bodaboda, namaanisha kuandika programu.

Kwanza usikimbilie kulipa ada ya digrii ya pili. Vyuo vinaangalia masomo yako ya fomu sikisi, na kama ulipiga HKL ujue hesabu zako ziliishia fomu foo, kwa hiyo mlango wa digrii ya kompyuta utausukuma sana. Njia ya wengi ni astashahada ya TEHAMA mwaka mmoja halafu stashahada miaka miwili, unaingilia cheti cha fomu foo. Ila kabla ya kutoa hata mia jipime miezi mitatu, bure.

Laptopu ya mtumba yenye ramu ya GB 8 na SSD (diski ya kasi) inatosha, muuzaji atakwambia lazima mpya, achana naye. Tafuta kozi ya CS50 ya Harvard, anafundisha David Malan, hailipiwi, inaanza na Scratch ambapo unaburuta tu vipande, halafu C, halafu Python, zote ni lugha za kuandikia programu. Wiki za C zitakutoa jasho na watu wengi wanatorokea hapo, rudia tu hata mara tatu hakuna anayekuona. Video zinakula bando, zishushe usiku uangalie mchana. Python yenyewe ukishaiweka kwenye mashine haidai bando.

Halafu chukua tatizo la nyumbani kwenu, hili ndo la muhimu kuliko yote. Mimi nilichukua daftari la mama la kilo za korosho anazopeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Nikaandika mistari miwili ya kuzidisha kilo kwa bei, tuseme 3000:

kilo = input("Kilo ngapi? ")
print(kilo * 3000)

Nikaingiza 52 nikitegemea 156000, skrini ikajaa 5252525252 mpaka chini, nikajua tayari mashine ina virusi. Kumbe kila unachoingiza kwa input Python inakichukulia ni maandishi, sio namba, na ukizidisha maandishi kwa 3000 inayarudia mara 3000, yaani imekutii kabisa. Dawa yake float(kilo) * 3000, hiyo float inageuza maandishi kuwa namba. Kosa hilo moja lilinifundisha aina za data kuliko video nzima. Baadaye nikaongeza kukata uzito wa gunia, kisha kuhifadhi kwenye faili, kisha SQLite (hifadhidata ndogo ya kwenye mashine yako), mama akaacha kugombana na kalkuleta.

Na hapa BA inakubeba. Programu ikigoma inatoa maandishi marefu, watu wa sayansi nao wanayaruka, wewe uliyezoea kusoma nyaraka yasome, kwenye Python anza na mstari wa mwisho, ndo unataja kosa. Kazi yako iweke GitHub, tovuti ya kutunzia programu unazoandika, kila siku hata kama ni mbovu.

Miezi mitatu ikiisha na bado una hamu, sasa ulizia chuo. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, nenda mwenyewe uulize sifa zao, na ubebe cheti cha fomu foo, sio cha digrii peke yake.